Dakika Mbili za Lenard

Jezi namba tisa haikuwepo.

Fremu ilikuwa bado ukutani, kioo chake kizima, imenyooka kama siku zote. Ila nyuma ya kioo palibaki kitambaa cheupe kitupu, kimejaa vitundu vya sindano vilivyofuata mstari wa mabega, mikono na pindo la shati lililokuwa limeshonewa hapo. Mbele yake, kwenye kigoda, alikaa Mzee Shadrack Mgaya, koti zito amelifunga hadi kidevuni, mikono katikati ya magoti.

Inspekta Oktavia Mtweve alimwamkia, akaitikiwa kwa sauti ndogo, kisha akabaki amesimama mlangoni. Miaka kumi na sita ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kutazama kwanza, kukanyaga baadaye. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, na ukungu wa Njombe ulikuwa bado umelalia mapaa ya Mjimwema.

Chumba chenyewe kilimshangaza. Kwa nje ilikuwa nyumba ya kawaida ya matofali ya kuchoma, yenye shamba la viazi nyuma. Humu ndani madirisha yalikuwa na mapazia mawili mawili, la ndani jeusi. Rafu zilikuwa zimeinuliwa shubiri nzima kutoka sakafuni. Kila kabati lilikuwa na vifuko vya kitambaa vilivyojazwa mkaa ili vinyonye unyevu. Kulikuwa na vikombe viwili, medali kumi na moja juu ya kitambaa laini, viatu vya mpira vilivyojazwa karatasi visikunjamane, na mpira wa ngozi uliopunguzwa upepo usije ukapasuka. Kila kitu kilikuwa na kadi yake iliyoandikwa kwa mkono.

Vyote vilikuwa vya timu moja, Njiapanda Stars ya Makambako, iliyofika fainali ya kombe la mkoa mwaka 1991, Njombe ikiwa bado chini ya Iringa, kisha ikafa taratibu. Mzee Shadrack alikuwa katibu wake.

"Jua linakula rangi," alisema bila kuulizwa. "Unyevu unakula uzi. Nondo wanakula kila kitu. Miaka yote nimepigana na hao watatu. Mtu sikumfikiria."

Koplo Danford, aliyekuja naye, alipuliza unga wake kwenye kioo, kwenye fremu na kwenye kitasa. Alama za vidole alizozipata zilikuwa za aina moja tu, na alipozilinganisha zikawa za mzee mwenyewe. Kufuli la chumba halikuguswa kwa chuma. Ufunguo ulikuwa mahali pake, nyuma ya kalenda ya ukumbini.

"Mara ya mwisho umeiona lini?" Oktavia aliuliza.

"Jumamosi jioni. Leo asubuhi nimefungua, haipo."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Nimetoka saa mbili, nimerudi saa saba."

"Na nyumbani alibaki nani?"

Alibaki Konsolata, mpwa wake, mwanamke wa makamo anayemtunza tangu alipofiwa na mkewe. Konsolata alieleza kwamba alikuwa shambani nyuma ya nyumba akichimba viazi, na mlango wa uani aliuacha wazi kama anavyouacha kila siku. Hakusikia kitu. Alilisema hilo huku akifuta machozi, kana kwamba aliyeibwa ni ndugu.

Oktavia aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuitaka jezi ile. Mzee alijibu papo hapo: Brayson Sanga, muuza vifaa vya michezo mjini, aliyekuja mara tatu akitaka kuinunua aitundike kwenye hoteli anayoijenga Makambako. Mara ya tatu walirushiana maneno.

Walimkuta Brayson dukani kwake. Hakukana kwamba aliitaka jezi, wala kwamba alimtolea mzee maneno makali. Jumapili alikuwa Ludewa, alikokwenda tangu Ijumaa kwa harusi ya shemeji yake, na picha zilikuwa kwenye simu yake, yeye amesimama pembeni ya keki. Danford alipiga simu mbili, zote zikathibitisha. Walipokuwa wakiondoka, Brayson alisema jambo lililomfanya Oktavia asimame.

"Afande, mimi ningeiba, ningebeba na fremu yake. Bila fremu na ile kadi, hilo ni shati kuukuu. Hakuna atakayeamini."

Walirudi Mjimwema jioni ile ile.

Safari hii Oktavia aliiteremsha fremu, akaiweka juu ya meza na kuwasha tochi. Alihesabu vitundu hadi mia na ishirini, akaacha. Hakuna kilichochanika. Kitambaa cheupe hakikuvutwa hata mahali pamoja. Sakafuni hapakuwa na kipande cha uzi.

"Danford, wewe ungeitoaje?"

"Ningevuta, Afande. Au wembe."

"Huyu amefumua. Mshono mmoja mmoja, na nyuzi akaziokota. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Mwizi gani anakaa nusu saa kwenye nyumba ya watu ili shati lisiumie?"

Oktavia aliuliza zinapokaa glavu. Mzee alikuwa na sharti kwamba hakuna anayegusa kitu humu bila glavu nyeupe za pamba, na alizihifadhi kwenye kopo kando ya mlango. Jozi zote nne zilikuwemo, zimekunjwa vizuri. Alizigeuza ndani nje, moja baada ya nyingine, juu ya karatasi nyeupe. Jozi ya tatu ilidondosha vumbi kidogo la buluu kutoka kwenye ncha ya kidole gumba na cha shahada.

Aliligusa kwa kalamu. Mama yake alikuwa fundi cherehani pale Mlangali, na vumbi lile la chaki ya kuchorea vitambaa alikua akiliona kwenye mikunjo ya vidole vya mama hata siku za Krismasi. Hakuhitaji maabara kumwambia, ingawa alilifunga kwenye bahasha na kuandika tarehe.

"Mzee, jezi hii ilishonewa kwenye kitambaa na nani?"

"Mama Angela. Yunis, wa Makambako. Ndiye anayenishonea na hivi vifuko vya mkaa. Huja kila baada ya miezi mitatu kukagua vitambaa, hata ufunguo anajua unapokaa." Alinyamaza, kisha akatikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana, Inspekta. Huyo mtoe. Yunis ni mjane wa Lenard mwenyewe, mchezaji aliyeivaa. Jezi hii alinipa yeye kwa mkono wake, mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe. Mtu hawezi kuiba alichotoa."

Oktavia alimwomba afungue kila kabati, kila droo, kila boksi. Mzee alisema hakuna kilichopungua zaidi ya jezi. Alimwomba tena. Wakaenda kitu kwa kitu, kadi kwa kadi, hadi boksi la viatu lililokuwa droo ya chini kabisa. Ndani yake palikuwa na kaseti nne za redio, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki. Kadi zilikuwa tano.

Mzee Shadrack aliishika ile kadi ya tano kwa muda mrefu. Oktavia aliona rangi ikimtoka usoni kwa namna ambayo jezi haikuitoa.

"Ina nini?"

"Fainali ya tisini na moja. Tulirekodi kutoka redioni. Mwishoni mtangazaji anamhoji Lenard. Dakika mbili."

"Nani amewahi kuomba kuisikiliza?"

Mzee aliigeuza kadi upande wa nyuma.

"Mzee."

"Yunis," alisema. "Miaka mitano ananiomba. Nilimwambia utepe umezeeka, ukipitishwa kwenye mashine utakatika. Nikamwambia asubiri nipate mashine nzuri."

"Ulitafuta mashine?"

"Hapana," alisema, akairudisha kadi ndani ya boksi.

Asubuhi ya Jumanne waliteremka Makambako na hati ya upekuzi, na mzee kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu ni yeye tu angeweza kuvitambua vielelezo. Upepo wa Makambako uliwapokea kama kawaida yake, ukipeperusha vumbi na mifuko kwenye barabara kuu, na malori yamejipanga kusubiri mizani.

Duka la Yunis lilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja chenye cherehani mbili na sare za shule zimening'inizwa hadi darini. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na saba, kilemba cheusi, tepu ya kupimia shingoni. Alimwona kwanza inspekta, kisha koplo, kisha Mzee Shadrack nyuma yao. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Kamwene," aliwasalimu, akavuta viti viwili.

Oktavia alijitambulisha. Alipokuwa anazungumza aligeuka kumwonyesha Danford mlango wa stoo, na akauliza swali lake la kwanza akiwa ameupa mgongo upande wa Yunis: Jumapili ulikuwa wapi? Hakujibiwa. Alipogeuka, alikuta Yunis ameinua uso, macho yake yako kwenye midomo yake, yanasubiri.

Alikaa naye uso kwa uso. Akapaza sauti kidogo, akasema taratibu.

"Mama Angela, Jumapili ulikuwa wapi?"

"Njombe."

"Kufanya nini?"

"Kuiba," Yunis alisema.

Danford aliacha alichokuwa anafanya. Oktavia alimwonya kwa mujibu wa sheria kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalolisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Yunis alifuata kila neno mdomoni mwake, akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akafungua sanduku la bati chini ya meza ya kukatia, akatoa jezi. Ilikuwa imekunjwa ndani ya khanga safi, rangi ya kijani imepauka mabegani. Juu yake palikuwa na kijiti kilichozungushiwa nyuzi nyeupe, zile zile alizozifumua.

"Jezi sikuipanga," alisema. "Nilikwenda kuchukua kaseti, na nilijua mzee asingegundua kwamba haipo hata mwaka ukapita. Nikaichukua, nikaiweka kwenye mkoba, nikageuka nitoke. Nikaliona shati lake. Mikono ile nimeishona mimi, hata kabla ya fainali, ilikuwa mirefu nikaipunguza. Nikashindwa kutoka."

"Ukavaa glavu."

"Huwezi kuigusa bila glavu," Yunis alisema, akashangaa kuulizwa.

Kaseti yenyewe ilikuwa ndani ya redio kaseti kuukuu juu ya rafu, pamoja na betri mpya. Oktavia aliitazama bila kuigusa. Alimtaka aeleze kwa nini, na akaandika maelezo yake kama alivyoyatoa.

Siku ya fainali Yunis alikuwa nyumbani na Angela, mtoto wa miezi saba. Redio yao ilikuwa imeishiwa betri. Lenard alirudi jioni amejaa matope, anacheka peke yake. Akauliza maji yake yako wapi. Yunis akamwambia hajamwekea, angejuaje atarudi saa ngapi? Lenard akacheka hadi akakaa chini, akaenda kuoga maji ya baridi, na baridi ya Makambako mnaijua, na huko bafuni aliendelea kucheka. Kesho yake majirani walimwambia kwamba mumewe alimsalimu redioni. Akamuuliza amesema nini. Lenard akasema hatamwambia ng'o, atasikia siku watakaporudia.

Hawakurudia. Miaka miwili baadaye gari alilopanda lilipinduka mteremkoni, na yeye hakufika hospitali.

"Nilimpa Mzee Shadrack jezi kwa sababu kwangu ingeliwa na panya," Yunis alisema. "Kwake ningeweza kuja kuiona. Sikujutia. Lakini sauti ni kitu kingine, Inspekta. Sura yake ninayo, nina picha tatu. Sauti ilianza kunipotea polepole, kama mtu anayeondoka huku anaongea. Mwaka juzi masikio yakaanza. La kulia limekufa. La kushoto, daktari wa misheni Lugarawa aliniambia nisihesabu mwaka mwingine. Nikaenda tena kwa mzee, nikamwambia. Akaniambia subiri."

Mzee Shadrack alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakuinua macho.

"Umeisikiliza?" Oktavia aliuliza.

"Jumapili ile ile. Nimeweka sikio hapa." Alionyesha matundu ya spika. "Nikaongeza mpaka mwisho. Nasikia kelele tu, kama mvua juu ya bati. Najua yumo, lakini simtoi. Angela yuko Ludewa, anafundisha. Nilitaka kumwita aje anisikilizie, nikawaza nitamwambia nimeipata wapi."

Kwa kanuni, Oktavia alipaswa kukiondoa kielelezo, kukitia kwenye mfuko na kuweka lakiri. Kwa kanuni hiyo hiyo, ilibidi kithibitishwe na mlalamikaji kwamba ndicho chenyewe. Hilo ndilo alilomwambia Danford aliandike. Kisha akarudisha utepe nyuma na kubonyeza kitufe.

Kwanza kulikuwa na mkwaruzo, halafu umati, halafu sauti ya mtangazaji ikipanda na kushuka. Filimbi ya mwisho. Halafu, karibu zaidi kuliko uwanja na kuliko redio yenyewe, sauti ya mwanamke ndani ya chumba: "Sila, funga mlango, baridi inaingia."

Mzee Shadrack alishika fremu ya mlango.

Oktavia alisimamisha utepe. Mzee alijieleza mwenyewe, akimwelekea Yunis, akitamka kwa midomo mipana ili amwone.

"Huyo ni mke wangu Rebeka, anamwambia mtoto pale nyumbani. Mimi nilikuwa uwanjani. Yeye ndiye aliyeweka mashine mbele ya redio, akabonyeza. Hakuna mahali pengine aliposikika duniani isipokuwa hapo. Nilikudanganya, Mama Angela. Sikuwa naogopea dakika za Lenard. Niliogopa utepe ukatike, nimkose huyu. Hata mimi sijausikiliza tangu nilipomzika. Nimekuwa nikijua tu kwamba umo ndani ya boksi."

Yunis alimtazama. Hapakuwa na hasira usoni mwake. Alisogeza kiti cha tatu, akakipigapiga kwa kiganja, na mzee akaja akakaa.

Oktavia alibonyeza tena. Mtangazaji alimwita mfungaji wa bao pekee la Njiapanda Stars. Ilisikika pumzi, kisha kijana akaanza kuzungumza. Oktavia aliandika kwenye daftari lake la kazi, kwa mwandiko ule ule wa majalada, neno kwa neno. Utepe haukukatika. Dakika mbili zilipokwisha aliligeuza daftari na kumsogezea Yunis.

Lenard alisema mpira ulikuwa mgumu, wenzao wa Iringa walikuwa wazuri, na Stars wamefungwa kwa haki. Aliwashukuru waliosafiri. Kisha: *Nawasalimu wote Makambako. Mama Angela, kama unanisikia, niwekee maji ya moto, nakuja na lori la jioni, nimepigwa baridi huku mpaka kwenye mifupa.*

Yunis alisoma mara moja. Akarudia, kidole kinafuata mstari. Mabega yakaanza kumtikisika, na Oktavia alidhani analia mpaka aliposikia kwamba ni kicheko.

"Maji," alisema. "Kumbe alikuwa ameniagiza."

Alicheka hadi machozi yakaja yenyewe, akayafuta kwa ncha ya tepu yake ya kupimia.

Walimpeleka kituoni, kwa kuwa kosa ni kosa na jalada lilikuwa limeshafunguliwa. Aliweka saini kwenye maelezo yake ya onyo bila kubadilisha neno. Garini Mzee Shadrack alikuwa amemuuliza Oktavia inahitajika nini ili mlalamikaji aondoe lalamiko lake. Alimweleza kwamba ni barua, na kwamba baada ya barua uamuzi si wa polisi peke yao, ingawa kwa jambo kama hili yeye haoni nani angetaka kwenda mbele. Mzee aliomba karatasi hapo hapo kaunta. Akauliza pia vielelezo vitarudishwa lini, na Angela anafundisha shule gani, ili ampelekee kaseti aitie kwenye simu, nakala mbili.

Yunis alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani, akisubiri. Oktavia alikaa karibu naye. Alimfikiria baba yake mwenyewe kule Mlangali, aliyefariki kabla yeye Oktavia hajawahi kufikiria kumrekodi, na akajaribu kuisikia sauti yake ikimwita kwa jina. Ilikuja nusu tu.

Mzee alipomaliza kuandika, alikuja na kukaa upande wa pili. Yunis alimgeukia.

"Maneno nimeyapata," alisema. "Niambie sauti. Ilikuwaje?"

Mzee Shadrack aliwaza. Alimsogelea sikio la kushoto, akaweka kiganja kando ya mdomo.

"Imekauka," alisema kwa nguvu, na askari wa kaunta wakageuka. "Alikuwa amepiga kelele mchana kutwa. Lakini alipofika kwenye jina lako aliishusha, kama vile uko hapo hapo karibu naye."